Tajeu wa Bandia

Jumatatu, 6 Juni 2005

Wiki ya tatu bila kazi, na mke wangu Kamene hajui. Asubuhi amenipigia shati pasi, akanifungia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaniombea nifike Kajiado salama. Nikaenda nyuma ya soko la hapa hapa Kitengela, nikakaa juu ya tairi mpaka jioni. Chakula nilikila pale pale. Naona aibu hata kuandika.

Na sababu yenyewe ya kufutwa! Mzee Tajeu, mwenye duka la dawa za mifugo kule Kajiado, ana kitabu cha kutia sahihi tukiingia na tukitoka. Mimi, kuokoa muda, nilikuwa natia sahihi za wiki nzima kila Jumatatu. Jumamosi moja mzee akaenda Namanga na funguo zote, duka halikufunguliwa. Kitabu kikasema Kitheka, yaani mimi, aliingia saa mbili, akatoka saa kumi na moja. Tena kwa mwandiko mzuri! Wenzangu walicheka. Mzee hakucheka.

Lakini kuna tumaini. Mzee Lemein wa hadwea mpya, duka la vifaa vya ujenzi, anatafuta mtu wa stoo. Nimepeleka barua leo. Akataka namba ya mwajiri wangu wa zamani. Nimempa ya binamu yangu Muteti.

Jumanne, 7 Juni

Mazoezi katika kibanda cha Muteti cha kunyolea. Yeye sasa ni Tajeu. Maneno yake: Kitheka ni mwaminifu, hachelewi, aliondoka kwa hiari yake. Anakariri vizuri ajabu. Nikamwambia ateremshe sauti, maana Tajeu ni mtu wa ng'ombe mia mbili. Akateremsha mpaka mteja aliyekuwa ananyolewa akashtuka. Mpango hauna kasoro!

Alhamisi, 9 Juni

Balaa. Lemein amepiga saa nne, na mimi nikiwa pale pale kwa Muteti, sikio kwenye simu.

Nilisahau kwamba mzee wa Kimaasai akimpigia mzee mwenzake haanzi na mambo ya kazi. Anaanza na salamu, na hazina haraka. Akasema Sopa, salamu ya Kimaasai inayojibiwa Ipa. Muteti akajibu, "Fine." Akauliza ng'ombe wanaendeleaje. Muteti, akidhani ni mambo ya duka, akasema wameisha, wengine wataletwa Jumanne. Lemein akauliza yeye ni wa rika gani, maana yake la tohara. Nikapunga mikono yote miwili. Muteti akasema kwa fahari, Form Four ya tisini na mbili.

Lemein akashukuru kwa upole sana, akakata. Hakutaja jina langu hata mara moja. Muteti anaona mambo yalienda vizuri.

Jumamosi, 11 Juni

Sijui nianzie wapi. Saa tisa hodi imebishwa. Lemein! Kumbe haajiri mtu kabla ya kunywa chai nyumbani kwa mtu huyo. Kamene akafurahi, akachemsha maziwa, akatoa vikombe vya wageni. Mzee akanywa. Kisha akasema alikuwa Kajiado jana kumwona Tajeu, ambaye ni wa rika lake. Walitahiriwa mwaka mmoja!

Akasema yote, polepole, mbele ya mke wangu. Kitabu. Jumamosi ya Namanga. Kwamba sina kazi tangu Mei. Kamene aliweka birika chini, akauliza kitu kimoja tu: wiki zote hizi, nilikuwa nakula wapi chakula chake. Nikasema juu ya tairi. Akaingia chumbani. Nilitamani mzee anipige kofi, ingekuwa nafuu.

Hakunipiga. Akasema Tajeu mwenyewe amekiri kwamba katika stoo yangu halikuwahi kupotea hata kopo moja la dawa ya kupe. Sahihi za uongo yeye Lemein angeweza kuzisamehe. Ile sauti ya simu ndiyo iliyomuudhi. Lakini ananipa nafasi. Niandike kwa mkono wangu kwa nini nilifutwa, ukweli mtupu, nimpelekee Jumatatu, na kazi ni yangu.

Nikakaribia kulia. Nikaapa mbele ya Kamene, kupitia mlango uliofungwa, kwamba sitadanganya tena.

Jumapili, 12 Juni

Kanisani sikusikia neno la mahubiri. Baadaye nikakaa mezani na karatasi. Kamene hajanisemesha, lakini ameniwekea kalamu.

Nikaandika ukweli. Ukaenea mistari miwili tu. Nikausoma kwa sauti: mtu mzima, baba wa watoto watatu, alitia sahihi ya siku ambayo duka halikufunguliwa. Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Barua kama hiyo itakaa kwenye faili ya mzee miaka na miaka!

Nimeichana. Nimeandika nyingine, ya heshima: nilifutwa kwa sababu ya ugonjwa wa macho, nikawa sioni tarehe vizuri. Ukurasa mzima, mwandiko safi. Sasa naenda kwa Muteti aitie sahihi ya daktari.