Siku Dereva Alipopanda Mizani

Tegeni masikio, enyi mnaokalia makochi ambayo hayajaonja sabuni tangu yatoke dukani, nanyi mliomwaga chai mkageuza mto kuficha doa. Nawasimulia habari za Mama Povu, Mtiisha Madoa, Kiama cha Kunguni, na siku aliyochagua gari.

Ujulikane kwanza msiba uliotangulia. Gari la zamani la kampuni yake na mumewe ya kuosha makochi na mazulia, likiwa njiani na mashine, sabuni na tangi la maji kwenda kuosha mazulia ya ukumbi wa harusi, lilikatika springi katikati ya mlima. Tangi likapinduka, maji yakateremka barabarani kwa shangwe, na bibi harusi akaingia ukumbini akikanyaga madoa ya harusi ya mwenzake. Meneja wa ukumbi akatoa hukumu yenye rehema kidogo: "Nawapa nafasi moja tu. Mkishindwa tena, natafuta wengine." Na ukumbi ule ndio uliokuwa ukiilisha nyumba yao.

Basi wakafika kwenye yadi ya magari, Mama Povu na mumewe, dereva wa kampuni, jabali la mtu ambaye milango aliiingia kwa awamu. Humo dereva akaona gari dogo la buluu, moyo wake ukatekwa bila vita.

"Mke wangu," akanena, mkono juu ya boneti, "nimepima kila kitu. Tangi likiwa limejaa, mashine, mipira, sabuni, hata brashi. Gari hili linabeba vyote, na nafasi ya mfuko mmoja wa sabuni inabaki. Tusimkufuru Mungu kwa kutamani kubwa zaidi."

"Na mimi umenipima?"

"Nimekupima kwa macho. Wewe mwepesi."

"Na wewe je?"

Hapo upepo ukakoma. Muuza magari akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Mimi ni dereva," akajibu jabali kwa utulivu wa kifalme. "Dereva si mzigo. Dereva ndiye mbebaji."

"Baba watoto, pale mlimani, wewe ulikuwa unalibeba gari, au gari lilikuwa linakubeba wewe?"

Jirani na yadi palikuwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, mwenye mizani pana ya kulaza injini. Dereva alipoiona akarudi nyuma hatua. Maana shujaa huyu, kila aendapo zahanati, alitaja kilo za siku aliyooa, kana kwamba uzito ni kama tarehe ya kuzaliwa, ukishaandikwa haubadiliki. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa ya kweli.

Mama Povu akamshika mkono. "Mimi nakupenda na kilo zako zote," akasema kwa sauti ya chini. "Springi ndizo zisizokupenda."

Ndipo dereva akavua viatu. Akavua mkanda. Akatoa funguo, simu, na baada ya kufikiri, leso. Mwenye mizani akaamriwa ageuke atazame ukuta. Jabali likapanda, chuma kikaguna, na Mama Povu peke yake akasoma alichosoma, uso wake usitoe siri hata chembe.

Akalipita gari la buluu bila kuligeukia, akaweka kiganja juu ya gari la kijivu, pana, lenye sura ya kabati la urithi.

"Hili," akatamka. "Linabeba tangi, sabuni, mimi, na mume wangu akiwa ameshiba."

Juma lililofuata gari la kijivu likaupanda mlima ule, tangi limejaa pomoni, dereva akipiga mluzi, na tone la maji halikumwagika. Bibi harusi akakanyaga zulia safi. Meneja akalichungulia kila kona, asione doa hata moja, akaagiza na mapazia yaoshwe.

Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyookolewa, kwa wale ambao ulimwengu wao ni ukumbi mmoja. Ila zile kilo hazijulikani mpaka leo. Mama mkwe ameuliza, mashemeji wameuliza, na Mama Povu huwajibu wote jibu moja: "Gari linazijua, na halijalalamika."