Mpenzi wa Hoteli ya Akeno

Jumatatu, 3 Machi 2025. Lodwar.
Joto. Vumbi mpaka kwenye meno. Kibanda changu cha kutengeneza simu hakikuona mteja. Lakini! Mchana, hotelini, dada mwenye hoteli, Akeno, aliniwekea sahani na kusema, "Mpenzi, leo mbuzi iko laini." Mpenzi! Tangu mama yangu afariki sijaitwa neno tamu. Kwetu Siaya mimi ni "we Odongo" tu. Nimekula polepole. Sikumbuki kama mbuzi alikuwa laini.

Jumanne, 4 Machi
Nimevaa shati jeupe, lile la harusi za watu. Nimeitwa mpenzi tena. Moyo ukaruka. Mara akaingia Ejore, muuza samaki wakavu wa Kataboi, harufu yake ikiwa imemtangulia. Akeno akamwita "roho yangu". Roho yangu! Nilimuuliza Kipkemboi wa ofisi ya kaunti, tuliyekaa naye meza moja, kati ya roho na mpenzi nani mkubwa. Akasema yeye huitwa sukari, na anachoangalia ni mchuzi. Eti Akeno aliwahi kufanya kazi kwenye nyumba za wageni kule Eliye Springs, na huko ndiko alikofundishwa kumwita kila mgeni hivyo. Sikumsadiki. Aliyezoea kuitwa sukari atajuaje njaa yangu?

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata mpango! Akeno aambiwe kwamba kuna watu hawapendi kuitwa mpenzi na mtu baki. Atawaacha hao wote, nibaki mimi. Nimemfuata jikoni, nikamwambia kwa upole kwamba watu wanalalamika. Akauliza watu gani. Nikasema watu wazima, wenye heshima zao, wa kanisani. Akafuta mikono kwenye leso, akasema ameelewa. Nimetoka nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwisha. Hoteli ilikuwa imejaa. Ejore, roho yangu. Kipkemboi, sukari. Dereva wa lori ambaye hata jina lake halijulikani, mpenzi! Nilipoingia mimi, Akeno alizima redio, akapangusa kiti, akanisalimu kwa Kiturkana mbele ya wote, "Ejok, mzee. Kaa hapa. Unisamehe ile maneno nilikuwa nakuita, sikujua inakukwaza." Mzee! Nina miaka arobaini na miwili. Ejore akasimama kunipisha. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui walikuwa wakimsema nani.

Jumatatu, 10 Machi
Nimejaribu kuyazoa maji yaliyomwagika. Nimemwambia Akeno kwamba mimi binafsi sina neno, aniite tu kama zamani. Akacheka kwa huruma. Heri angenitukana. Akasema hapana, mimi ni kama baba yake, na baba haitwi mpenzi. Akaniongezea mchuzi bila kuombwa na kunichagulia nyama isiyo na mfupa, nisisumbuke kutafuna. Meno yangu yote yapo! Nimekula nikitazama ukuta, na kila "mpenzi" iliyokwenda meza nyingine niliisikia. Nimerudi kibandani nikakaa. Hakuna aliyekuja. Nimemkumbuka mama yangu sana, nikalia kidogo, nikasingizia vumbi.

Jumatano, 19 Machi. Kakuma.
Nimehama. Lodwar hawana shukrani. Nimepata kona sokoni, karibu na kambi ya wakimbizi. Joto ni lile lile, vumbi ni lile lile, na simu zinazoharibika ni za watu wengine wanaotengenezewa kwingine. Asubuhi niliketi kwa Mama Sifa, Mkongomani muuza chai. Kanimiminia, akasema, "Karibu, sheri. Chai iko moto." Sheri! Nikauliza maana yake. Akasema kwao ndiyo mpenzi. Nikaagiza kikombe cha pili. Baadaye nikamsikia akimwita Kuot, mbeba maji, sheri. Kisha askari. Kisha mchungaji mzima wa kanisa, na mchungaji akaitikia! Hao anawaita kwa adabu tu. Mimi alinitazama.

Sitaki kurudia mkosi wa Lodwar. Kule tatizo lilikuwa Akeno, mtu mgumu wa kuelewa. Mama Sifa ana akili. Kesho nitamdokeza, kwa upole kabisa, kwamba hapa Kakuma kuna watu wazima wasiopenda kuitwa sheri na mtu baki.