Mchezo Mpya Kwa Bata

Jumatatu, 9 Februari 2026

Dada Zubeda kaja asubuhi na mita ya kupimia. Si salamu, si umeamkaje. Kaanza kupima ukuta. Nikamuuliza anapima nini. Akasema anapima rafu zake. Rafu! Anataka kujaza vitenge na kanzu za Idi ndani ya chumba cha marehemu Baba. Chumba cha kwanza cha michezo ya kompyuta katika mtaa mzima wa Bwiza!

Nikamwambia chumba kina kazi. Akatazama huku na huku. Viti vitupu, mashine kimya, mi na nzi tu. Akauliza kazi yenyewe ni ipi, ya kulinda nzi?

Tumegombana, halafu tumepatana. Chumba tumerithi sote wawili, kwa hiyo lazima aniheshimu hata kama yeye ni mkubwa. Kanipa mpaka Jumapili, ya mwisho kabla ya Ramadhani. Chumba kikijaa watu hadi mlangoni, kama enzi za Baba, rafu hakuna. Kisipojaa, seremala anaingia.

Ng'ambo ya barabara Térence alikuwa anatuchungulia na kucheka. Yeye ana chumba chake, chenye konsoli ya michezo na televisheni pana kama kitanda. Vijana wote wako kwake. Wanaziba masikio kwa vile vidude vyao, hawasemi neno. Utadhani wako wodini.

Jumanne, 10 Februari

Mungu hamtupi mja wake! Nimesoma kwenye simu: kampuni moja kubwa inatoa mchezo mpya wa mpira, na safari hii umetengenezwa kwa ajili ya Linux moja kwa moja! Toleo la majaribio ni la bure, linatoka keshokutwa.

Nikapiga ukelele mpaka muuza chapati jirani akamwaga mafuta. Nikamweleza kwa upole. Mashine zetu zinaendeshwa na mfumo wa Linux tangu zamani. Michezo mikubwa yote inaongea lugha ya Windows, mfumo wa wengi. Kwa hiyo lazima uweke programu katikati, kama mkalimani. Sasa mfikirie tajiri wa Asiatique, kule kwenye maduka makubwa, anayeuza kitambaa kupitia mkalimani. Huyu anasema, yule anageuza, mteja anachoka, mara mkalimani kasinzia. Ndivyo tulivyoishi. Unapiga mpira leo, goli linaingia kesho. Lakini huu mpya unaongea Linux tangu tumboni mwa mama yake. Mkalimani aende kulala!

Muuza chapati akauliza huyo mkalimani sasa atakula wapi. Watu wengine unawaelimisha bure.

Baba aliingoja siku hii. Mashine zake za kwanza zilikuwa zinakufa kwa virusi, vijana wanakuja na flashi zao za muziki zenye kila uchafu. Ndipo Rénovat, wakati ule mwanafunzi wa chuo kule Kamenge, akaja kumwekea Linux. Virusi kwisha! Baba alifurahi mpaka akachora alama ya Linux mlangoni, yule ndege pengwini. Maskini Baba, mkono wa kuchora hakuwa nao. Mtaa mzima ukasema ni bata. Mpaka leo hapa panaitwa Kwa Bata.

Alikuwa akisema, akiipangusa rangi vumbi, kwamba siku moja michezo yote itakuja Kwa Bata yenyewe, bila kubembelezwa. Nimelia kidogo. Halafu nikaanza kupanga mipango.

Jumatano, 11 Februari

Nimebandika tangazo: JUMAPILI KWA BATA! MPIRA MPYA! BILA MKALIMANI! Térence akavuka barabara kulisoma. Akaniuliza huo ni mpira au ni mkutano. Nikamwambia angoje, atajua.

Nimewaandikia pia wale wateja wa zamani kwenye WhatsApp. Twahiru, siku hizi fundi wa magari, kajibu upesi. Hakuuliza lolote la mchezo mpya. Kauliza kama ule mchezo wa mpira wa Baba bado upo, wenye wachezaji wadogo kama punje za mchele. Nikamwambia asinitie aibu mbele ya watu.

Lakini nilibaki nacheka peke yangu. Jamani, siku zile! Wawili kwenye kibodi moja, mmoja mishale, mwingine herufi, mabega yamebanana, jasho moja. Mshindi anabaki. Aliyefungwa anatoka mpaka kizingitini na kupaza sauti barabara yote isikie: "Nimefungwa mi!" Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Baba, na haikuchagua mtu. Hata polisi mmoja alifungwa, akavua kofia, akatoka, akapaza sauti. Akina mama sokoni wakamjibu kwa vigelegele. Baba kwenye kona yake alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Basi. Ya kale hayajengi nyumba. Mchezo mpya ni mzito, unataka nafasi. Nimeufuta ule wa Baba kwenye mashine zote. Umebaki kwenye ile ya dirishani tu, tunayoiita Mzee. Mzee diski yake ndogo, hata ukimfuta chote mchezo mpya haumwingii. Nimemwacha na uzee wake.

Alhamisi, 12 Februari

Rénovat sasa ana duka la kutengeneza kompyuta Asiatique, na intaneti yake inakimbia. Hapa kwangu, kushusha mchezo mzito hivi ningemaliza wajukuu wangu wakioa. Nikaamua kumpelekea mashine moja, maana kwenye flashi hautoshi.

Basi hakuna, petroli imekosekana tena. Nikaifunga mashine kwenye kitenge cha Zubeda (hajui) na kuitia kichwani. Njiani mama mmoja akaniuliza kwa huruma kama mke wangu amenifukuza. Sina mke! Mvua nayo ikaona leo ndiyo siku. Nikavua shati, nikaifunika mashine. Nimeingia dukani kwa Rénovat kifua wazi, mbele ya wateja wenye tai.

Rénovat ni mtu mwema, kanipa taulo na chai. Mchezo ukashuka huku tunaongea habari za Baba. Kisha akaharibu. Akasema mchezo unajua Linux, sawa, lakini unataka kadi ya picha yenye nguvu, na mashine zangu ni za bibi. Nikamwambia Linux ni Linux. Akatikisa kichwa: "Shakuru, mugeni anaongea luga yako, apana shida. Lakini amekuja na mizigo. Uko na nyumba ya kumulaza?"

Wivu huo. Zamani alikuwa anasifiwa yeye peke yake.

Jumamosi, 14 Februari

Umeme ulikuwa unaenda na kurudi kama mgonjwa wa tumbo. Hata hivyo nimemaliza! Mchezo umepita kwa waya kutoka mashine moja hadi nyingine, zote isipokuwa Mzee.

Twahiru kapita na mikono yake ya grisi, kauliza kama nimeujaribu. Sijaujaribu, wala siujaribu! Baba alikuwa hafungui kitu kipya kabla watu hawajakaa. Redio, sufuria, hata biskuti za Idi: watu kwanza, Bismillah, ndipo kifungo. Alisema baraka ya kwanza ni ya wote, ukiionja peke yako umeiiba. Twahiru akasema Baba alikuwa anaongelea biskuti.

Zubeda kakiona kitenge chake. Rangi imetoka, kimekuwa na ramani. Yaliyosemwa siyaandiki, mwezi mtukufu unakaribia.

Jumapili, 15 Februari

Walikuja! Walikuja mpaka mlangoni, mpaka barabarani. Vijana wa Térence wote, na Térence mwenyewe na shati la kupigwa pasi. Watu wa zamani pia, wenye vitambi sasa, wakiinama kumgusa yule bata mlangoni kama walivyozoea wakiwa watoto. Zubeda akasimama ukutani na mita yake mkononi.

Nikatoa hotuba. Nikamtaja Baba. Bismillah. Nikabonyeza.

Ngoma zikalia! Uwanja ukatokea, nyasi unaweza kula! Watu wakasema aaah. Kisha kioo kikawa cheusi, kikaleta maneno: kadi ya picha haitoshi. Nikakimbilia mashine ya pili. Ngoma, nyasi, cheusi. Ya tatu vilevile. Nilizimaliza zote huku ninatabasamu, mpaka tabasamu likaniuma.

Térence akauliza kwa sauti kama kuna mtu amemwona mkalimani. Wakacheka mpaka wakashikana. Vijana wakaanza kutoka. Nikasikia mita ya Zubeda ikivutwa: krrr. Nikamwona seremala, nikaziona rafu, nikaona kona ya Baba imejaa kanzu. Nilitaka kukaa chini nilie.

Ndipo nyuma yangu kikalia kifilimbi: tii, tii, tiii!

Twahiru alikuwa amemwasha Mzee. Wachezaji wa punje za mchele wamejipanga, nyasi ni rangi tu, mpira una pembe nne. Alikuwa ameketi na mwenzake wa zamani mmoja, matumbo yao hayaenei mezani, mabega yamebanana. Twahiru akafungwa. Akainuka, akajipangusa, akaenda kizingitini kama mtu anayeenda kusoma hutuba ya Ijumaa. "Nimefungwa miiii!"

Barabara ikageuka. Watu wa mbali walikuja mbio wakiuliza nani amefungwa, nani amerudi. Vijana waliokuwa wameshaondoka wakarudi kuona hao wazee wana wazimu gani. Mmoja akavua vidude vyake masikioni ili asikie.

Kisha Zubeda akaweka mita mezani. Akaomba upande wa herufi.

Nilikuwa nimesahau! Wallahi nilikuwa nimesahau! Zubeda ndiye aliyekuwa bingwa. Alikuwa anatoka madrasa na juzuu kwapani, anawafunga wanaume wazima, halafu anaenda kupika. Alimfunga aliyekuwa kitini. Akamfunga kijana wa konsoli, akamfunga mwingine. Wote wakatoka, wote wakapaza sauti. Térence akasema hao ni watoto, akaketi mwenyewe. Akafungwa hata kabla ya kujua mchezaji wake ni yupi!

Akakataa kutoka. Chumba kizima kikaimba sheria, sheria, sheria. Térence akaenda kizingitini, akasimama akiangalia ng'ambo, kwenye chumba chake kitupu na televisheni yake inacheza peke yake, akaapa kwa lugha ya kwao. "Yampayinka! Nimefungwa mi!" Vigelegele! Hata yeye akacheka mwishoni, akarudi kwenye foleni.

Watu walipoondoka Zubeda alibaki kitini, anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Alisema kile kifilimbi kilipolia alimsikia Baba akikohoa pale konani. Mi pia nilimsikia.

Kisha akasema rafu hakuna. Chumba kinabaki. Ila kwa sharti moja: Mzee asiguswe, maana watu walikuja kwa tangazo langu lakini walibaki kwa Mzee. Ule mchezo umebaki humo tu, ukipotea hakuna mwingine duniani. Akaniambia neno la Baba: usiache mbachao kwa msala upitao. Nikaapa. Nikaapa huku ninalia, na nilikuwa ninamaanisha kila neno.

Jumatatu, 16 Februari

Alhamdulillahi! Tangu asubuhi watu wamejaa. Wote wanamtaka Mzee. Foleni inafika kwa muuza chapati, naye amenisamehe mafuta yake. Mashine nyingine hawazitazami hata kwa dawa. Twahiru kapita kusema niunakili mchezo wa Baba niuweke kwenye mashine zote, kazi ndogo tu. Fundi wa magari ananifundisha kompyuta! Nimemshukuru.

Maana mi nimeona mbali zaidi. Nimesoma kwenye simu: ile kampuni imetoa toleo jepesi, kwa mashine dhaifu! Linux moja kwa moja, kadi kubwa haihitajiki, na ni dogo. Rénovat kanitumia kwenye flashi, akaniandikia kwamba nianze kulijaribu kwenye zile mashine tupu. Hajui biashara. Watu wanakaa wapi? Kwa Mzee. Mchezo mpya uwekwe wapi? Pale penye watu! Huwezi kufungua duka jangwani.

Na Mzee ana nafasi inayotosha kabisa, nikiondoa kitu kimoja tu.

Nimeapa, ndiyo, najua. Lakini Zubeda alisema asiguswe, na mi siondoi Mzee, naondoa kilichomo. Tena Baba mwenyewe ndiye aliyesema michezo yote itakuja Kwa Bata. Namtimizia. Atafurahi huko aliko.

Zubeda ameenda Asiatique kununua mitandio. Watu nimewatoa, nimewaambia nafagia. Mlango nimeufunga. Kioo kinaniuliza kama nina hakika nataka kufuta. Nimevuta pumzi. Bismillah. Kidole kiko juu ya kitufe.

Umeme umekatika!

Adui wa maendeleo! Kila mtu katika mji huu ananipinga, hata nyaya! Huko nje wanagonga mlango, wanauliza kufagia gani huko gizani, na sauti moja kama ya Zubeda. Sifungui. Nimekaa hapa mbele ya Mzee, mkono mmoja unaandika kwa mwanga wa simu, kidole cha mwingine sijakiondoa. Umeme ukirudi tu, naanzia hapa hapa.