Hortense Hana Habari Nami

Jumatatu, 4 Machi 1963. Albertville.
Leo Barthélemy, mwenzangu wa ofisi ya mizigo pale gare, kituo cha treni, amejisifu tena. Eti mke wake Émérence humngoja mlangoni na maswali: umekula nini, umeongea na nani, mbona umechelewa. Hortense wangu, miaka kumi na moja ya ndoa, haulizi kitu. Nimerudi nimefunga bandeji kwenye mguu usio na kidonda. Amesema pole, amenisogezea kiti, akaendelea kuchambua ndagala, visamaki vya ziwani. Inauma. Si mguu, roho.

Jumanne, 5 Machi.
Nimejipaka marashi ya Barthélemy hadi mbuzi wa jirani wamepiga chafya. Hortense amefungua dirisha. Nikamwambia kwamba nilikotoka sitasema. Akajibu: haizuru.

Alhamisi, 7 Machi.
Jana niliandika barua ya mapenzi kwa mkono wa kushoto, nikatia sahihi ya Odile, mwanamke ambaye hayupo. Nikaiacha mfukoni mwa koti. Ustadi mtupu! Leo amefua koti. Barua nimeikuta kwenye kamba, imeanikwa vizuri kati ya soksi zangu mbili. Nikauliza kama ameisoma. Akasema wino umetoka, shauri yangu, siku nyingine niandike kwa kalamu ya risasi.

Ijumaa, 8 Machi.
Mbinu ya mwisho. Nimemwambia nimehamishwa Kabalo, mwaka mzima, treni ya kesho. Nikamtazama usoni. Akasema: njo vile, kama kusema sawa tu. Akaenda kutafuta valizi, sanduku letu la safari. Basi, amenichoka. Na mimi bila yeye sijui hata chumvi inakaa wapi.

Jumamosi, 9 Machi.
Asubuhi valizi ilikuwa mlangoni, imefungwa kwa kamba. Nikaifungua. Mashati yangu chini. Juu yake vitenge vyake vinne, mwiko, rozari yake, na picha yetu ya harusi ndani ya soksi yangu. Mwenyewe yuko nje na viatu vyake vya misa, anamkabidhi jirani kuku wake. Nikaketi kitandani, machozi yakanitoka.
Nikamwambia uhamisho umefutwa. Hakuuliza na nani. Akasema haizuru, akavua viatu, akaenda kurudisha kuku. Nguo amezipanga akiimba.

Jumapili, 10 Machi.
Nimefikiri sana wakati wa misa. Kabalo, mwaka mzima, na hakuuliza swali hata moja! Émérence angeuliza angalau treni inaondoka saa ngapi. Hortense hana habari nami kabisa.
Kesho nitaumwa meno.