Mraba wa Chaki na Stoo ya Bwana Eubanks

Jumanne, 7 Mei

Sasa hivi Opal amechukua kiatu changu kimoja, amekitia kwenye boksi, amekaa juu ya boksi na kutangaza kwamba safari imeanza. Hajafika hata miaka mitatu. Tayari anajua kufunga mizigo kuliko mama yake.

Na kweli tunahama. Nyumba za chuo za wanafunzi wenye watoto zinafungwa kiangazi chote, wabadilishe mabomba. Jumamosi funguo zirudi ofisini. Agosti tunarudishiwa chumba kilekile.

Tatizo si chumba. Tatizo ni Mama. Anakuja hiyohiyo Jumamosi na pikapu ya mjomba kutupeleka kwake Kentucky. Amesema kwenye simu, kwa ile sauti yake ya mkasi, kwamba kama vitu vyangu vina pa kukaa huku, sawa, nitarudi kumalizia mwaka wa pili. Kama havina, vinapanda gari vyote, na vikishaingia kwake havitoki tena. Wala mimi sitoki. Niliacha sekondari kwa mimba ya Opal. Mama anaona hizi habari za kusomea usaidizi wa daktari wa meno ni homa tu, itashuka.

Kwa hiyo: stoo ya kukodi. Wiki hii kila mwanafunzi wa mji huu anatafuta stoo. Bwana Eubanks, mwenye mabanda nyuma ya kituo cha mafuta, ameniambia zimebaki mbili. Ndogo, futi tano kwa tano. Kubwa, tano kwa kumi. Nikambembeleza aniwekee. Akasema yeye hamwekei mtu, hata mkewe. Atakayetangulia kuja Alhamisi na kufuli lake ndiye mwenye stoo.

Jirani yangu Lorna Petrak anatafuta pia. Mama wa mapacha, mtu wa mpangilio kupita kiasi, hata soksi za wanawe zina zamu. Nimemwambia kwa Bwana Eubanks kuna panya wakubwa kama paka.

Mungu anisamehe. Sikuona hata mkia.

Jumatano, 8 Mei

Akili imefanya kazi. Nimechukua chaki za Opal, nimechora uani mraba mweupe, futi tano kwa tano kamili. Vitu vyangu vikienea humo, nachukua ndogo. Visipoenea, kubwa, na tutakula mkate na siagi ya karanga mpaka Agosti.

Nimetoa kila kitu nje. Kitanda cha Opal. Kiti chake cha kulia. Meza. Boksi la meno ya plasta ya darasani. Na kabati la vitabu nililookota jana. Wanafunzi wanaoondoka wanaacha vitu vizima kando ya barabara, na kikaratasi juu: bure. Mtu mwenye moyo anapitaje?

Nilipofika nusu ya kupanga, nikaingia ndani kumletea Opal maji. Simu ikanishika, ni Mama, ananiuliza maturubai alete moja au mawili. Nikamwambia asilete hata moja. Akacheka. Sipendi akicheka.

Nilipotoka nikaendelea kupanga. Ajabu, vyote vikaenea, na pakabaki pa mtu kukaa akanywa kahawa. Nilishangaa kidogo. Nilifurahi zaidi. Opal alikuwa na chaki ya buluu mpaka kwenye nyusi, nikambusu hivyohivyo.

Lorna akachungulia dirishani. Aliuliza kama nimefungua duka. Nikamjibu ni zoezi la darasani. Akasema hakujua siku hizi makabati nayo yanang'olewa meno.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefika kwa Bwana Eubanks mapema, Opal mgongoni, kufuli mkononi. Nani yuko mlangoni? Lorna, na mapacha, na kufuli kubwa kuliko langu. Akasema amekuja kuwaona hao panya.

Bwana Eubanks akauliza panya gani. Akasema ameendesha mabanda haya tangu enzi za baba yake na hajawahi kutukanwa hivyo. Wote wawili wakanitazama. Opal akasema, "Mama alisema panya." Asante, mwanangu.

Sikungoja zaidi. Nikapiga kufuli langu kwenye ndogo. Lorna akaniuliza, kwa upole unaouma, kama nina hakika. Nikamwambia nimepima. Akachukua kubwa.

Na kwa kuwa kwenye mraba nafasi ilibaki, njiani nimeokota kochi la watu wawili. Bure. Vijana wa bweni wamenibebea.

Ijumaa, 10 Mei

Haviingii.

Kochi limeingia, na meza, basi. Kabati nje, kitanda cha mwanangu nje, meno ya plasta yananichekea kutoka kwenye boksi. Mlango wa bati hauteremki hata nusu. Nimemwita Bwana Eubanks, nimemwambia stoo yake imesinyaa. Akaleta utepe, akapima. Tano kwa tano.

Nikarudi uani mbio. Mstari wangu mweupe umefutwa kwa soli ya kiatu kidogo. Mbali kabisa, karibu na maua, kuna mstari wa buluu. Opal akanieleza kwamba sungura wake wa kitambaa alikosa pa kulala, akamwongezea chumba.

Nilitaka kukasirika. Nilishindwa. Mtoto ana roho ya kumwongezea mtu chumba, umgombeze?

Mawingu yakakusanyika. Mama akapiga. Ameshaweka maturubai garini, mawili, na ameshaongea na mwenye duka la vitambaa, kazi ipo, naanza Jumatatu. Nilimsikiliza huku naangalia kitanda cha Opal kimesimama nje kama mtu aliyefukuzwa.

Nikaenda kumbishia hodi Lorna. Nikaungama panya. Akasema alijua tangu siku ileile, maana macho yangu hayajui kudanganya, ni mdomo tu unaojitahidi. Halafu akavaa koti. Stoo yake ina nafasi nusu nzima, tutachangia. Ile ndogo nimwachie mwanafunzi anayesubiri pale kwa Bwana Eubanks na baiskeli yake. Sharti moja: kabati na kochi virudi barabarani, na nisiokote kitu tena, hata kijiko.

Nikaapa mbele ya Opal na sungura.

Jumamosi, 11 Mei

Vimeingia! Lorna amepanga mwenyewe, virefu nyuma, vya watoto mbele. Kufuli moja, lake, funguo mbili.

Mama alifika, akataka kuona. Akagonga bati kwa kidole kama anayechagua tikitimaji. Akauliza vingine viko wapi. Nikamwambia hakuna vingine. Tuliporudisha funguo za nyumba, ndipo akasema, haya, Agosti atanileta mwenyewe, mabasi hayaamini. Nikageukia ukuta, nikajifanya namtafuta sungura.

Sasa nimekaa ngazini mara ya mwisho kabla ya Agosti. Mama anamfunga Opal mkanda. Lorna ameshaondoka. Na ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba ya njano, wametoa kiti cha kubembea. Cha mbao. Kizima. Kikaratasi juu.

Ufunguo wa stoo ninao. Kikilazwa chali juu ya magodoro ya mapacha, miguu ikatazama dari, nadhani mlango bado utateremka, maana Lorna ameacha upenyo pale juu. Mama nitamwambia nimesahau kitu cha shule. Nikipitia nyuma ya kituo cha mafuta hata Bwana Eubanks hatani... Ananiita. Anasema Opal ameshaufungua mkanda, na kwamba nisipokuja sasa hivi yeye atawasha gari bila mimi.