Ndege Sita Ndani ya Jagi

Jamaa wa bweni,

Leo sina uso. Asubuhi nilikuwa nao. Saa saba mchana ukanitoka, ukaenda zake. (Barua hii haina stempu, Odhiambo wa jirani anawaletea kwa baiskeli. Someni mjue kwa nini stempu sitaki hata kuziona.)

Mnakumbuka nilivyofukuzwa wiki mbili kwa kumwigiza hedimasta anavyokohoa gwarideni, na hedimasta mwenyewe amesimama nyuma yangu. Ninyi mlimwona. Hakuna hata mmoja aliyenikonyeza. Asanteni sana. Basi Baba Mkubwa, ninayekaa kwake hapa Rangwe, alimwalika hedimasta aje kula leo, waamue kama Jumatatu narudi shule ama nabaki kuchunga ng'ombe mpaka nioe.

Mimi nikafikiri. (Mambo yangu yote huharibika hapo.) Hedimasta ana ugonjwa mmoja: kukusanya stempu. Na Baba Mkubwa, ndani ya sanduku lake la bati, ana bahasha aliyotumiwa na afande wake wa zamani wa jeshini, kutoka Uingereza. Ina stempu sita za ukumbusho wa vita vya angani: ndege zinafukuzana, rubani kwenye kiti chake, mkia wa ndege ya Mjerumani umevunjika. Huitoa Krismasi tu, akatuonyesha kwa kidole: "Hii niliipakia mabomu kwa mikono hii!" (Vita hivyo vilipiganwa juu ya Uingereza. Yeye alikuwa Burma. Sisi huitikia tu.)

Mpango wangu ulikuwa safi. Namsindikiza hedimasta mpaka barabarani, namtilia stempu mkononi, Jumatatu niko darasani. Krismasi bado iko mbali.

Ufunguo najua unakolala. Nikaikata bahasha kwa wembe kuzizunguka, mbele mpaka nyuma, stempu zote sita. Lakini stempu haibanduliwi kavu, inalowekwa mpaka gundi iachie. Sufuria zote zilikuwa jikoni. Nikachukua jagi la bati, nikatia maji kidogo, nikazitumbukiza, nikalisukuma chini ya kitanda.

"Opiyo! Nikamatie yule jogoo!" Huyo ni Mama Mkubwa.

Jogoo yule naye alikuwa na taarifa zake kuhusu wageni. Alinipitisha kwenye mihogo, kwenye mkonge, kwa jirani, akanirudisha kwenye mkonge. Niliporudi naye nimechanika kaptura, jagi halikuwepo.

Nikakimbia jikoni. Lilikuwa pale, limejazwa maji mpaka shingoni, taulo juu yake.

"Mama, haya maji si machafu?"

"Machafu? Nimeyachota mtungini mimi mwenyewe! Ama siku hizi unaujua usafi?"

"Wacha niyabadilishe..."

"Yawa! Mgeni amekaa, wewe unataka kwenda mtoni? Beba hilo jagi ukamnawishe vumbi la njiani!"

Nikabeba. Jamaa, kutoka jikoni mpaka sebuleni ni hatua kumi na mbili. Nilitembea kama anayebeba jeneza lake mwenyewe.

Hedimasta alikunja mikono ya shati, akaweka mikono juu ya karai. Nikamimina kidogo, kidogo sana, kama dawa ya macho. Maji safi. Nikashukuru Mungu. Akapaka sabuni.

"Ongeza, kijana. Hapa ninaoga ama ninabatizwa?"

Nikaongeza. Ndege ya kwanza ikatoka, ikatua kwenye kiganja cha hedimasta. Ya pili ikamganda kwenye kidole gumba. Nikataka kulinyoosha jagi, likagonga karai, na kikosi kizima kikashuka!



Hedimasta akavaa miwani, mikono bado ina sabuni. "Lakini hizi ni za vita vya angani! Na zimetimia sita! Nimezitafuta mpaka Kisumu!"

Baba Mkubwa akachangamka. "Hata mimi ninazo kama hizo, Mwalimu! Sita vilevile! Ngoja nikuonyeshe, usiseme ni maneno ya mzee."

"Baba, kula kwanza," nikasema. "Kuku atapoa."

"Kuku bado yuko hai," akasema Mama Mkubwa kutoka mlangoni.

Baba Mkubwa akaingia chumbani. Nikasikia sanduku likifunguliwa. Akarudi akitabasamu, kifua mbele, bahasha ameiinua juu kama bendera. Hakuwa ameiangalia. Akaisimamisha mbele ya uso wake ili mgeni aone vizuri.

Mgeni aliona vizuri. Sote tuliona. Kwenye tundu la wembe wangu lilikuwa jicho la Baba Mkubwa. Likamtazama hedimasta. Likatazama karai. Likageuka polepole, likaniangalia mimi.

"Opiyo."

"Naam, Baba."

"Ndege zangu zinafanya nini kwenye maji?"

Ningeweza kusema lolote. Nikasema ukweli, jamaa, sijui nilipatwa na nini. "Zilikuwa zawadi kwa hedimasta, ili anirudishe shule."

Hedimasta akakohoa. (Kile kikohozi chenyewe! Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.)

Nikajua ng'ombe ndio wenzangu sasa. Hedimasta akazitoa stempu kwenye karai, moja moja, akazipanga juu ya kitambaa chake mbele ya Baba Mkubwa. Akamwambia, "Mzee, huyu arudi Jumatatu. Nikikuachia wiki nyingine utabaki bila paa. Lakini gwarideni atapanda juu ya meza, asimulie kisa hiki chote, mbele ya shule nzima, bila kuruka neno."

"Na jicho?" akauliza Baba Mkubwa.

"Jicho hasa."

Kwa hiyo narudi. Sasa nawaomba kama ndugu: chekeni leo, chekeni kesho, mmalize kabisa. Jumatatu nikiwa juu ya meza, nataka kuona nyuso za matangani.

Opiyo