Piketi Makumi Mbili na Moja za Tumaini-Mbili

Mbele nitaje bakubwa, muniache kwanza nitaje bahati yangu, juu tangu asubui inanisukuma mu kifua sawa mutoto anataka kuzaliwa. Mi Josias Kalumba, shefu wa Kartiye Tumaini-Mbili, mwana wa komini ya Manika, mutu alifika Ndola, akafika Dar es Salaam, akafika na nusu ya njia ya Johannesburg mbele makaratasi imukatae, nilizaliwa na bahati sawa vile bengine banazaliwa na meno. Kati ya bashefu ba kartiye mia moja makumi munane na ine ya Lualaba yote, Serkali ilifunga macho, ikanyoosha kidole, na kidole ikaniangukia mi. Musiniulize juu ya nini. Mvua ikinyesha ku shamba yako, unaiuliza juu ya nini?

Sasa protokole, kwa urefu wake wote. Mweshimiwa mujumbe wa burgumestre, mukubwa wa komini yetu, ule hakukuja lakini kiti yake iko pale na tunaiheshimu. Bwana mujumbe wa mujumbe, ule alikuja na ameshauliza chakula ni saa ngapi. Batata bapasta na Tata padri, munisamehe kama nimebapanga kwa unene na hapana kwa imani. Bamama ba soko na bamama ba kwaya, na bale munauza soko asubui na kuimba kwaya mangaribi. Tata Stany, mukubwa wa bakreuzere bote, bale bachimbaji ba mukono bananilinda kartiye, na ile ngunia iko chini ya miguu yake ile sitauliza iko na nini. Tata Nkulu, sekretere yangu wa miaka kumi na tisa, mwenye kushika muhuri hata kanisani. Bashemeki, bakwe, bandugu, batu bote ba avenyu mbili zinabakia na ba ile ya tatu tunaendelea kuitafuta: amani kwenu. (Makofi ya mustari wa mbele, pale kuko viti.)

Tuko hapa leo, ndani ya kadre ya desentralizasyo, ya planifikasyo na ya partisipasyo, kwa kuanzisha, kuzindua, kufungua na kutia mu mwendo ile kazi kubwa iliyokwisha kuanzishwa, kuzinduliwa na kufunguliwa mara mbili mwaka iliyopita, lakini mvua ilinyesha. Ninaongea juu ya FOKAPA. Bengine munauliza FOKAPA ni munyama gani. Ni Fonds ya Kartiye Kupangwa: feza Serkali inatoa kwa kusaidia bakubwa ba komini, ili nabo basaidie kartiye, ili kartiye nayo isaidie batu, ili batu bajipangie benyewe njia ipite wapi, bomba ya mayi ikae wapi, masomo ya batoto ijengwe wapi. Zamani plani ilikuwa inatoka juu, inashuka chini. Sasa inatoka chini, inapanda juu. Na mu Lualaba yote, bandugu, nani anajua chini kutupita sisi? (Kicheko. Bakreuzere banapiga miluzi.)

Munajua tunaitwa Tumaini-Mbili juu Tumaini-Moja iliingia yote mu shimo ya kampuni ya madini, na kanisa yake, na timu yake ya mupira. Hawakuwa na plani. Kama bangekuwa na plani, bangeingia mu shimo kwa mustari, avenyu kwa avenyu, kila mutu na namba yake. Hiyo njo tofauti ya mutu ameendelea.

Tata Nkulu, somea batu matokeo. Hapana, leta, nitasoma mi, we unasoma sawa mutu anavuka mayi. Partisipasyo ya batu: asilimia mia moja na kumi na mbili, juu bengine balishiriki mara mbili. Bamama: bengi. Bijana: munabaona benyewe. Mikutano: makumi ine na moja, na mu tatu kati yao kulikuwa batu. Vumbi: ilipunguka asilimia makumi tatu, mu musimu ya mvua. Mu bulaya, kartiye ikipata namba sawa hizi, shefu anapewa nyumba. Mi sikuomba nyumba. Niko mutu mudogo, ninaomba tu museme jina yangu muzuri kama kunakuja mugeni. (Makofi. Mutu nyuma anauliza mutu wa mbele nini imesemwa.)

Mama Domitille amesimama. Mama, kaa kidogo, maulizo iko ku ukurasa ya kumi na moja, tuko ku ya ine. Haukai? Basi simama, kusimama nako ni partisipasyo.

Nifike sasa ku kazi inaonekana kwa macho. Munakumbuka, mu mwezi wa tano ya mwaka iliyopita, piketi makumi mbili na moja zilipandwa mu kartiye yetu, fito zenye kichwa nyekundu. Ya kwanza mupaka ya kumi na mbili: njia kubwa, ile motokari mbili zitapishana bila madereva kutukanana. Ya kumi na tatu: bomba ya mayi. Ya kumi na ine mupaka ya kumi na munane: masomo ya batoto, na uwanja. Zinabakia tatu: ofisi ya shefu, na paa ya kumupatia kivuli. Ilikuwa plani muzuri. Nililia mi mwenyewe nikiiangalia.

Lakini Serkali, sawa munajua, iko mbali, na inasahau bitu. Ilisahau kama hapa kwetu, kila siku kampuni inapanda fito yenye kichwa nyekundu, ni juu chini kuko madini. Mutoto anaijua mbele ajue jina ya baba yake. Kuku ya Tumaini-Mbili ikiona fito nyekundu, inaparua. Serkali ilisahau, na mi, mutu mwenye kutembea, nilisahau kuikumbusha. Siku tatu, batata na bamama. Siku tatu tu, na pale kulikuwa piketi makumi mbili na moja kukawa mashimo makumi mbili na moja, na bashi, ile turubai, juu ya kila shimo, na mulinzi, na mama wa kuuza bukari, ugali yetu, ku mulango ya shimo. Pa bomba ya mayi bakreuzere balishuka metre kumi na munane. Nilimuita Tata Stany, nikamugombeza ku ukurasa mbili. Alinijibia kwa heshima yote kama mayi balipata, na kama shefu hakutaka bachimbe, juu ya nini hakupaka rangi nyeupe. (Kicheko kubwa. Stany anavua kofia, anaivaa tena.)

Nikaandika ku raporo: batu balipokea plani na moyo yote, balishuka ndani yake.

Mama Domitille, ninakuona. Batu bote banakujua, lakini juu ya mujumbe wa mujumbe nieleze: huyu njo Mama Domitille wa mikate ya mafuta, mujane, mwenye nyumba ya matofali mbele ya mutambo ya unga. Piketi namba saba ilipandwa hatua mbili na jikoni yake. Kwa hiyo iko na shimo namba saba. Dada yake Jocelyne alimuita ahamie kwake kule Dilala, mu chumba ya nyuma. Na mi, sawa kiongozi, nilimukataza. Nilimueleza kwa upole kama plani ya FOKAPA inahesabu tu ule anakutwa mu nyumba. Mutu akitoka mbele ahesabiwe, plani haimujue, hapati parseli mupya, kiwanja ya kujenga, hapati hata matofali moja ya kukalia. Alibakia. Huo njo uraia. Mumupigie makofi. (Makofi kidogo. Mama Domitille hapigi.)

Anataka kusema. Sema basi, mama, lakini kifupi, protokole inakuangalia.

(Mama Domitille anasema: "Tata shefu, mi sikukuja kuomba makofi. Ule mupasuko wa kibambazi, ku ukuta ya nyumba yangu, ulikuwa wa kidole. Leo asubui niliingiza mukono, ukaingia mupaka hapa. Dada yangu ametuma moto, ile pikipiki ya kulipa, iko inaningojea pale ku mutambo. Niambie neno moja tu. Nitoke, ao nibakie?")

Ulizo ya mama ni muzuri, na ni ya teknike, na ninamushukuru kwa kuiuliza mu Kiswahili, juu mu kifaransa ingekuwa ndefu. Jibu iko na nguzo tano. Nguzo ya kwanza ni diagnostike. Ya pili ni ile inakuja nyuma ya diagnostike. Ya tatu, komisyo itafika, itapima mupasuko, itauliza mupasuko ulianza siku gani na kama mwenyewe wa nyumba alitoa ruhusa. Ya ine, mupasuko utaandikwa. Mama, mu kartiye ngapi ya hii inchi mupasuko ya mutu wa kawaida inaandikwaka? Ya tano Tata Nkulu alikalia karatasi yake, tutaipata akisimama.

(Stany anasema, bila kusimama: "Shefu, pale ni mi nilichimba. Tulifuata mushipa ya madini mupaka chini ya jikoni yake, tukaendelea mupaka chini ya kitanda. Tumeshatoka. Sasa kule chini hakuna kitu, ni hewa tu.")

Tunamushukuru Tata Stany kwa hiyo habari ya sous-sol, ya chini ya udongo, itatiwa mu ukurasa ya mwisho. Bandugu, musiogope hewa. Kila muji kubwa ulisimama juu ya hewa mbele ya kusimama juu ya feza. Mi nilipita chini ya Lusaka... hapana, nilipita Lusaka, na niliona nyumba ya magorofa kumi, na mutu wa kule aliniambia chini yake ni parking. Parking ni nini kama hapana hewa? Tofauti ni plani, na plani tuko nayo. Feza iko mu njia. Imeshapita Kinshasa, imeshapita kwa bale banahesabu, sasa iko kwa bale banahesabia bale banahesabu. Kabla ya mwezi kuisha, mama, kibambazi yako itakuwa historia.

Tuseme pamoja, kwa nguvu, juu feza isikie jina yake. FOKAPA! (Oyee.) Kartiye kupangwa! (Oyee.) Batu mbele, mashimo nyuma! (Oyee, ya mustari wa mbele peke yake.) Tumaini-Mbili! (Mutu moja: "Tumaini-Tatu!" Kicheko.)

(Mama Domitille anakaa. Anamuambia jirani yake Tina aende ku mutambo, amuambie mutu wa moto arudi Dilala bila yeye. Anasema: "Shefu amesema mwezi. Mwezi moja nitaweza." Tina anasimama, anatikisa vumbi ku kikwembe, anaanza kupita kati ya batu.)

Kwa hiyo, batata na bamama, inanibakilia tu kushukuru. Ninashukuru Serkali kwa... Ninashukuru burgumestre kwa kiti yake. Ninashukuru bakubwa ba FOKAPA, bale bali...

Tina, simama kwanza.

Mumuzuie Tina asipite. Tina, nimesema simama, ni shefu anasema.

(Shefu anaweka makaratasi ku meza. Tata Nkulu anayaokota, shefu anamuambia aache.)

Ninashukuru bakubwa ba FOKAPA juu hawako. Tata Nkulu, usiniangalie vile, we njo ulipiga muhuri. Mu mwezi wa ine ya mwaka iliyopita baliniita ku ateliye, ile semina, mu sale moja kubwa ya muji, bashefu bote balikuwa, mia moja makumi munane na ine, kila mutu na njaa yake. Bwana moja mwenye tai alituonesha ku ukuta picha ya kartiye ya inchi ingine, miti na njia na bomba, akasema siku Serkali itapata feza ya kusaidia makomini, kartiye zetu nazo zitajipangia sawa vile. Siku itapata. Kisha tulikula kuku. Tulipewa kalamu. Mi nilipanda moto, nikarudi, nikakuta batu ku mulango yangu, Mama Domitille na mikate yake ya bure, banauliza: shefu, umetuletea nini? Ningesema kalamu?

Nilisema FOKAPA. Ile jina niliitunga pale pale, mukate mu kinywa. Musimamizi wake ni mi, komisyo yake ni mi. Fito nilizikata ku mukaratusi ya nyuma ya kanisa, na rangi ni ile ilibakia ku mulango ya buvette, ile baa ya shemeki yangu, njo sababu ilikuwa nyekundu, Stany, sikuwa na nyeupe. Namba saba niliipanda na mikono yangu, hatua mbili na jikoni ya mama, juu udongo ya pale ilikuwa laini. Nilitaka tu muone kitu kimesimama.

Mama Domitille, sikiliza. Hakuna parseli mupya. Hakuna mutu atakuhesabu, ukiwa ndani ao ukiwa kwa Jocelyne. Tina, kimbia kweli sasa, lakini useme ile moto ingoje. Tata Stany, chukua bijana bane, mutoe kitanda na sufuria za mama, mupite upande ya barabara, hapana upande ya jikoni, we unajua kuliko mi fasi gani inabeba. Hata usichukue ile ngunia, iache, hakuna mutu ataigusa. Mujumbe wa mujumbe, chakula haiko, nayo nilidanganya.

(Hakuna makofi. Bijana banasimama, banamufuata Stany. Mama Domitille anapita mbele ya meza ya shefu, anasimama, anamuangalia. Anasema: "Na mi nilikuwa ninakusifia kwa dada yangu." Anaenda.)

Asanteni kwa kuja. Kidole ya Serkali haikuniangukia. Hakuna mutu alinichagua, nilidanganya.